Ripoti ya Kiongozi na Daftari la Mama

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tulifunzwa chuoni tukiwa wadogo, na kwa miaka mingi nilidhani ni wasia wa wenye maduka peke yao. Miezi michache iliyopita mama mmoja wa mtaani kwetu alinifundisha maana yake upya, tena mbele ya hadhara.

Ilikuwa baada ya swala ya Alasiri. Mwakilishi wa wadi yetu alikuja kutusomea taarifa ya maendeleo: yaliyotendeka katika mwaka uliopita na yaliyopewa kipaumbele katika mwaka unaofuata. Viti vilipangwa chini ya mwembe ulio mbele ya msikiti. Wanaume tulikaa mbele, na akina mama wakakaa nyuma kwenye mikeka, kando ya ukuta, mahali ambapo sauti hufika nusu na nusu huchukuliwa na upepo. Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, naye akiifasiri kadiri alivyosoma. Alitaja barabara ya mtaa iliyomwagwa murram, taa za njiani, madarasa mawili ya chekechea na basari za wanafunzi. Kisha akafika kwenye zahanati yetu, akasema kwamba jengo la uzazi limekamilika. Watu wakapiga makofi, na mimi nikiwamo.

Hapo akasimama mama mmoja mtu mzima, mkononi ana daftari la shule la mjukuu wake.

"Mheshimiwa," akasema, "wewe ni mwanangu, na sikuja kukuvunjia heshima. Umesema jengo la uzazi limekamilika. Mimi naishi ng'ambo ya njia. Mlango ule hufunguliwa saa mbili asubuhi, na saa kumi na moja jioni hutiwa kufuli. Je, wenye uchungu nao tuwaambie wangoje saa za ofisi?"

Watu wakacheka. Mama yule hakucheka. Akafungua daftari na kuanza kusoma tarehe, moja baada ya moja. Zilikuwa siku kumi na moja. Kila tarehe ilikuwa ya usiku ambao mzazi alifikishwa pale akakuta giza, ikabidi atafutiwe tuktuk ya kumpeleka hospitali kubwa mjini. Alipofika tarehe ya mwisho alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyu hakufika. Alijifungulia njiani, ndani ya tuktuk. Ni binti yangu. Mtoto yu hai na mama yake yu hai, alhamdulillahi. Lakini nimeandika, ili siku moja mtu aniulize."

Mwakilishi hakukasirika, na kwa hilo namshukuru. Aliitazama karatasi yake, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, hapa imeandikwa jengo limekamilika. Na jengo kweli limekamilika."

Ndugu msomaji, wote wawili walisema kweli. Jengo lilikuwa limekamilika, na wazazi walikuwa wakilala njiani. Ripoti iliandika la kwanza na daftari liliandika la pili. Mimi nilikuwa na fungu langu la lawama, kwani siku ya kufungua jengo lile niliitwa kuomba dua. Nilisimama karibu na utepe, nikainua mikono, nikaomba baraka, kisha nikapewa soda na kurudi nyumbani. Sikumuuliza mtu yeyote ni nani atakayelala pale usiku. Makala haya nayaandika kwa sababu ya swali hilo ambalo sikuliuliza.

Ripoti ni haki, si hisani

Wengi wetu hudhani kiongozi anapokuja kutusomea taarifa ametufanyia ihsani. Sivyo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, katika kifungu cha 30, imemwajibisha gavana kulipelekea bunge la kaunti ripoti ya kila mwaka juu ya utekelezaji wa sera na mipango ya kaunti, na vilevile kutoa hotuba ya kila mwaka juu ya hali ya kaunti. Kifungu cha 9 cha sheria hiyo hiyo kimemtaka mwakilishi wa wadi awe karibu na wananchi wake na kushauriana nao juu ya mambo yanayojadiliwa bungeni. Kwa hiyo mkutano ule wa chini ya mwembe ulikuwa deni analolilipa.

Na deni lenyewe si dogo. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013 sehemu kubwa ya mambo haya iliamuliwa Nairobi, na mwananchi wa Faza au wa Vanga hakuwa na pa kuuliza. Tangu hapo tuna kaunti 47, na sita kati yake ni za Pwani yetu: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Katiba, katika ibara ya 203, imeamuru kwamba fungu linalogawiwa kaunti lisipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kupimwa na hesabu za mwisho zilizokaguliwa. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24 fungu hilo lilikuwa shilingi bilioni 385.4 kwa kaunti zote. Fedha hizo zimetoka katika kodi ya mafuta unayopikia, ya sabuni unayofulia na ya salio la simu unalonunua. Mwenye kutoa mali ana haki ya kuuliza imekwenda wapi.

Ripoti hiyo haisimami peke yake. Ina ndugu zake, na asiyewajua ndugu hawezi kumjua vizuri. Wa kwanza ni mpango wa maendeleo wa miaka mitano. Huu wa sasa ni wa mwaka 2023 hadi 2027. Katika mpango huo hutolewa mpango wa kila mwaka, nao hupelekwa bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba. Makadirio ya bajeti hufikishwa bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo anayesikiliza ripoti bila ya kuujua mpango ni kama mtu aliyeona upande mmoja wa mizani. Amejua kilichotiwa, hajajua kilichotakiwa kutiwa.

Zaidi ya hao kuna macho mawili yaliyowekwa na Katiba yenyewe. Msimamizi wa Bajeti ndiye anayeidhinisha fedha zitoke, na hutoa taarifa mara kwa mara za kila kaunti: imepokea kiasi gani, imetumia kiasi gani, ina madeni gani kwa wakandarasi. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huja baadaye, akapewa miezi sita baada ya mwaka wa fedha kumalizika, kueleza kama fedha zilitumika kihalali. Taarifa zao ni za umma. Kijana wako wa sekondari mwenye simu anaweza kuzitafuta na kukusomea jioni moja.

Hesabu katika dini yetu

Wako wanaosema kwamba mambo haya ni siasa, na kwamba msikiti na nyumba ya Kiislamu vijiepushe nayo. Siasa za kutukanana na kugawana fulana, naam, tujiepushe nazo. Lakini kuhesabiana juu ya amana ni jambo la dini kabla ya kuwa jambo la Katiba.

Katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, Mola wetu ametuamrisha tuzifikishe amana kwa wenyewe na tuhukumu kwa uadilifu. Katika Suratu Yusuf tunaona jinsi Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alivyoomba awekwe juu ya hazina za nchi, akataja sifa mbili za kumstahilisha: uaminifu wa kuhifadhi na ujuzi wa kazi. Hakutaja ukoo wake wala wingi wa wafuasi wake. Kisha akaweka mpango wa miaka, wa kuweka akiba wakati wa neema kwa ajili ya wakati wa ukame. Huo ndio mpango wa maendeleo, na watu waliuona ukitimia kwa macho yao na kwa matumbo yao.

Na katika Hadithi sahihi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Humaid As-Saidi, Mtume, rehema na amani zimshukie, alimtuma mtu aitwaye Ibn Al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi, alifanyiwa hesabu. Akatenga mali mafungu mawili, akasema fungu hili ni lenu, na hili nilipewa zawadi. Mtume alichukizwa, akasimama juu ya mimbari, akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa wazazi wake akaona kama zawadi hiyo ingemfikia. Tazama, ndugu yangu: mtu wa zama bora kabisa, ametumwa na mbora wa viumbe, na bado alihesabiwa. Hesabu haikuwa dalili ya kumdhania vibaya, bali ilikuwa ndiyo ada ya kazi.

Sayyidna Umar bin Al-Khattab naye, Mungu amridhie, amepokewa kuwa akiwaorodheshea magavana wake mali zao wanapopewa kazi, na kwamba aliufanya msimu wa Hija kuwa wakati wa kukutana nao mbele ya raia, ili mwenye malalamiko aseme. Lile ndilo lilikuwa baraza lao la mwaka. Asiyependa kuulizwa leo na ajue kwamba walio bora kuliko yeye waliulizwa.

Maneno matatu ya kupimwa

Sasa tuingie katika ripoti yenyewe. Lugha ya ripoti ina maneno yanayofanana kwa sauti na kutofautiana kwa maana, na hapo ndipo wengi hupotea. Mama wa nyumbani atayaelewa upesi, kwani ndiyo maneno ya jikoni mwake.

La kwanza ni "tumetenga". Kutenga ni kuweka nia juu ya fedha. Ukisema umetenga shilingi mia tano za mahamri ya Idi, bado hujanunua unga. Kila mwaka hutengwa fedha ambazo hazikuja, ama kwa sababu Hazina ya Taifa ilichelewa kuzituma, ama kwa sababu mapato ya kaunti yenyewe hayakufika pale yalipokadiriwa. Kwa hiyo ukisikia "tumetenga", uliza kwa upole: zimetumika ngapi?

La pili ni "tumetumia". Hapa unga umenunuliwa. Lakini kutumia nako kuna njia nyingi. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma imetaka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo, na kanuni zake zimetaka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Ukipata nafasi ya kuuliza, uliza juu ya tarakimu hizo mbili. Kaunti isiyofika ile ya kwanza na kuipita ile ya pili ni kama nyumba ambayo posho yote humalizwa na wapishi na watoto wakalala na njaa.

La tatu ni "tumekamilisha". Hili ndilo lililotutega sisi chini ya mwembe. Unga umekandwa, mahamri yamekaangwa, na sinia iko mezani, lakini mlango wa chumba umefungwa na wageni wako nje. Kukamilika kwa jengo si kuanza kwa huduma. Darasa la chekechea bila mwalimu ni banda la rangi. Bomba bila maji ni chuma kilichosimama. Gari la wagonjwa bila mafuta ni pambo la ua wa hospitali. Kwa hiyo baada ya kusikia "tumekamilisha", swali letu liwe hili: linafanya kazi lini, kwa saa ngapi, na nani anafanya kazi humo?

Maneno matatu na maswali matatu. Hayahitaji shahada ya chuo kikuu. Yanahitaji mtu aliyekwisha kuendesha nyumba kwa posho ya wiki na akafika nayo Ijumaa.

Kila mlango kwa ufunguo wake

Uadilifu pia ni kutomdai mtu deni la mwenzake. Mara nyingi tunamlaumu gavana kwa jambo lisilo lake, na mwenye jambo akakaa kwa starehe.

Jedwali la Nne la Katiba limegawa kazi. Kaunti ina zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti. Ina elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji. Ina masoko, uzoaji wa taka, barabara za kaunti, kilimo, na usambazaji wa maji na usafi. Serikali ya taifa ina polisi, vitambulisho, shule za msingi na sekondari, na barabara kuu. Kivuko cha Likoni hakiko mikononi mwa gavana wa Mombasa. Basari nazo ni mbili: iko ya kaunti, na iko ya mfuko wa eneo bunge. Mtoto akikosa hii, huenda mlango wa pili haujabishwa.

Mama yule wa daftari hakukosea mlango. Zahanati ni ya kaunti, na muuguzi wake ni wa kaunti. Ndiyo maana swali lake halikuwa na pa kukimbilia.

Kipi kitangulie?

Sehemu ya pili ya kila ripoti ni ile ya vipaumbele. Hapa wanazuoni wetu wa usuli wametuachia mizani ambayo naona inafaa kutolewa kwenye vitabu na kuletwa barazani. Imamu Al-Ghazali, na baada yake Imamu Ash-Shatibi, wamefafanua kwamba maslahi ya watu yana daraja tatu. Ya kwanza ni dharura, ambazo zikikosekana maisha huharibika: kuhifadhi dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Ya pili ni mahitaji, ambayo yakikosekana watu huingia katika dhiki ingawa hawaangamii. Ya tatu ni mapambo, ambayo hukamilisha uzuri wa maisha. Na kanuni ni kwamba pambo halitangulizwi mbele ya haja, wala haja mbele ya dharura.

Chukua mizani hiyo na upime nayo orodha ya wadi yako. Muuguzi wa usiku ni kuhifadhi nafsi na kizazi. Maji safi ni kuhifadhi nafsi. Anayejua kipindupindu kinavyotujia baada ya mvua hahitaji kuelezwa. Mwalimu wa chekechea ni kuhifadhi akili. Soko lenye paa na choo ni haja. Taa za njiani ni haja, na mahali penye wizi na kushambuliwa kwa wanawake hupanda kuwa dharura. Lango la kupendeza la kuingilia mji, bustani ya chemchemi na rangi mpya za mawe ya barabara ni mapambo. Sisemi mapambo ni haramu. Mji wetu nasi twataka upendeze. Nasema tu kwamba yana zamu yake, na zamu hiyo haiji kabla ya mzazi kupata mahali pa kujifungulia usiku.

Ukiulizwa maoni, usiseme tu "tunataka maendeleo". Sema kipi kwanza, kipi pili, na kwa nini. Kiongozi anayeletewa mambo arobaini atachagua lile linalompendeza yeye. Akiletewa matatu yaliyopangwa, hana pa kujificha.

Sauti iliyo nyuma ya ukuta

Nimesema kwamba akina mama walikaa mahali ambapo sauti haifiki. Hilo si kosa la serikali. Ni letu sisi wanaume tulioandaa. Tuliweka mkutano wakati wa kuandaa chakula cha jioni, tukawaweka mbali na kipaza sauti, kisha tukashangaa kwamba wanawake hawachangii.

Tukumbuke Khaula binti Thaalaba, Mungu amridhie. Alikwenda kwa Mtume kulalamikia jambo la nyumba yake. Bibi Aisha amesimulia kwamba alikuwa karibu, na maneno mengine hakuyasikia. Lakini Mwenyezi Mungu aliyasikia kutoka juu ya mbingu saba, na ikateremka sura ya 58 ya Qurani ambayo hadi leo huitwa Al-Mujadila, yaani mwanamke mwenye kujadili. Vilevile imepokewa katika Bukhari kwamba wanawake walimwambia Mtume kwamba wanaume wamewazidi nafasi mbele yake, wakaomba wapewe siku yao. Naye akawapa.

Basi nasi tuwape siku yao, au angalau saa yao. Kamati ya msikiti inaweza kumwomba mwakilishi asome taarifa mara ya pili kwa akina mama, asubuhi, katika madrasa, baada ya watoto kwenda shule. Na isomwe kwa Kiswahili. Ibara ya 7 ya Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, sawa na Kiingereza. Kuomba ripoti kwa Kiswahili ni kudai haki.

Na kama mkutano umepita na swali halikujibiwa, njia bado ipo. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki ya kuomba habari katika ofisi ya umma. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika, ofisa anawajibika kumsaidia ombi lake liandikwe. Huhitaji kueleza kwa nini unataka habari hiyo, wala hakuna ada ya kuwasilisha ombi, ila gharama ya nakala. Jibu hutakiwa ndani ya siku 21, na kama jambo linahusu uhai wa mtu, ndani ya saa 48. Ukinyimwa, unaweza kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki za Utawala, ile ambayo wengi huiita ofisi ya Ombudsman. Na kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa mtu yeyote haki ya kupeleka ombi rasmi katika bunge la kaunti.

Adabu ya kuuliza

Mwisho, tuchunge adabu. Kuuliza si kusengenya. Kusengenya ni kusema nyuma ya mtu lisilomfaa yeye wala wewe. Kuuliza ni kusema mbele yake linalowafaa wote. Tusisambaze kwenye makundi ya simu picha na sauti ambazo hatujui zimetoka wapi, kwani Suratul-Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Na kilichofanywa vizuri tukitaje. Taa za njiani kwetu zinawaka, na mabinti wetu sasa wanarudi kutoka madrasa ya Magharibi bila hofu. Asiyewashukuru watu hajamshukuru Mola wake. Kiongozi anayesikia shukrani ya kweli atalivumilia swali la kweli.

Mama yule alizishika adabu zote hizo bila kufundishwa. Alimwita mheshimiwa, akamwita mwanangu, hakumtuhumu wizi, hakupaza sauti. Alisoma tarehe tu. Tarehe kumi na moja zilifanya kazi ambayo makelele ya mwaka mzima hayakuifanya.

Jioni ile ile akina mama saba walikaa kwenye veranda ya madrasa wakaandika barua kwa Kiswahili, kurasa moja na nusu. Mimi nilisaidia hamza na nukta tu. Waliuliza mambo mawili: nafasi za wauguzi wa usiku zimo katika bajeti au hazimo, na kama zimo, kwa nini hazijajazwa. Siku ya kumi na tisa lilikuja jibu: nafasi mbili zimo, na hazijajazwa. Halikuwa jibu la kufurahisha, lakini lilikuwa jibu, na lilikuwa limeandikwa. Waliipeleka karatasi ile kwa mwakilishi, naye akaibeba bungeni. Hivi leo muuguzi mmoja hulala pale usiku tatu katika wiki. Usiku nne bado ni giza.

Nilimpitia mama yule juzi kumjulia hali. Mjukuu aliyezaliwa ndani ya tuktuk alikuwa mapajani mwake, akitafuna pembe ya daftari lile lile. Nikamuuliza kama bado anaandika.

"Maalimu," akanijibu, "nne hizo zilizobaki nani ataziandika?"

Ripoti nyingine ya mwaka itakuja insha Allah. Siku hiyo nikiitwa tena kufungua jengo kwa dua, nitauliza kwanza nani anashika ufunguo usiku, kisha nitainua mikono. Nanyi, mama zangu na dada zangu, daftari la shule lenye kurasa 48 halina gharama kubwa. Anzeni kuandika: siku maji yalipotoka na siku yalipokosekana, siku gari la taka lilipopita, siku dawa zilipokwisha zahanati. Mola wetu ameweka malaika wawili wa kuandika amali za kila mja, na hakuna siku inayopita bila kuandikwa. Basi tusione tabu nasi kuandika kidogo kilicho mbele ya macho yetu, ili anayebeba amana yetu ajue kwamba atasomewa hapa kabla ya kusomewa huko.

Mwenyezi Mungu awaongoze viongozi wetu katika haki, na atujaalie sisi kuwa raia wenye kuuliza kwa adabu na kushukuru kwa ukweli. Amin.